Shahidi wa Eneo Lililofungwa

Kosa la kwanza la Kakuru, kwa mujibu wa faili, lilikuwa kulala nyumbani kwake.

Sajini Elpidius Mutalemwa aliisoma karatasi hiyo mara mbili, amesimama kwenye veranda ya ofisi ya mkungu, kofia kwapani, vumbi la safari ya kutoka Bukoba bado limemganda shingoni. Machi 1947: mshtakiwa alikutwa amelala katika gofu la nyumba yake ya zamani, ndani ya eneo lililofungwa kwa Amri ya Malale. Viboko sita, kifungo cha miezi mitatu. Januari 1948: alikutwa akitoka katika eneo hilohilo na ndizi za kibanja chake mwenyewe. Viboko kumi, kifungo cha miezi sita. Karatasi ya tatu ilikuwa ya juzi, Julai, wiki mbili tu baada ya Kakuru kutoka gerezani. Hiyo haikuandikwa adhabu. Ilisema tu kwamba amemuua Tumwine, mlinzi wa eneo hilo la mbung'o.

"Unaona mwenyewe, Bwana Sajini," alisema Byarugaba. Yeye ndiye aliyekuwa mkungu, kiongozi wa kijiji aliyewekwa na serikali; mwanamume mnene wa miaka hamsini, koti la kaki juu ya kanzu. "Tumwine ndiye aliyemkamata mara zote mbili. Kakuru katoka jela na kisasi chake. Panga lake tumelikuta pembeni ya maiti. Kazi yako ni kumsindikiza tu."

"Maiti iko wapi?"

"Tumezika. Daktari yuko Bukoba, na jua hili unaliona."

"Nani aliyemwosha marehemu?"

Byarugaba alishangaa kidogo. "Wanawake. Mkewe na wenzake. Kwa nini?"

Mutalemwa aliuliza jina la mke wa marehemu, akaliandika, kisha akaomba ufunguo wa mahabusu.

Mahabusu ilikuwa ghala la zamani lisilo na dirisha. Kakuru alikuwa ameketi chini, pingu mikononi, mtu mrefu mwenye mbavu za kuhesabika. Alipoona tepe tatu za usajini begani mwa mgeni alisimama.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Kaa. Siku ya Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kambini."

Kambi ndipo walipohamishiwa watu wote wa bondeni miaka miwili iliyopita. Malale ilikuwa imeua watu wengi kule, hilo halikuwa na ubishi. Serikali ikatoa amri, nyumba zikachomwa moto, watu wakapandishwa mlimani kwenye udongo wa changarawe, na bonde zima likafungwa mpaka mbung'o wamalizwe. Tangu siku hiyo, mtu aliyekanyaga shambani kwake bila kibali alikuwa mhalifu. Katika miaka kumi na mitano ya kazi, Mutalemwa alikuwa amewakamata watu kwa kutopogoa mibuni, kwa kuvusha ng'ombe wao bila cheti, kwa kupika pombe bila kibali. Kila mwaka barazani kulisomwa kosa jipya, na kila mwaka watu waliondoka barazani wakiulizana kama wamesikia vizuri.

"Kambini," Mutalemwa alirudia. "Shati lako lina madoa ya utomvu wa mgomba. Mapya. Nimepita kambini kwenu asubuhi hii. Migomba yenu inanifika kiunoni, hakuna hata mmoja uliozaa. Ulikata wapi ndizi?"

Kakuru alilitazama shati lake kana kwamba limemsaliti.

"Nikisema nilikuwako, umenifunga," alisema polepole. "Nikisema sikuwako, umeninyonga kwa uongo. Nichague lipi?"

"Chagua lililo kweli. Panga lilifikaje pale?"

Kakuru akasema, "Nilikwenda kukata ndizi. Watoto wanne wanakula mihogo michungu. Nilikuwa nimeshakata, nafunga kamba, nikasikia filimbi ya Tumwine. Nikajua ameniona. Nikakimbia. Panga na ndizi nikaviacha palepale."

"Filimbi ilitoka upande gani?"

"Upande wa mibuni. Ilipigwa mara mbili. Ya tatu ilikatika katikati."

"Hukurudi kutazama?"

"Bwana, nilikuwa na siku kumi na nne tu tangu nitoke jela."

"Nani mwingine alikuwa bondeni siku hiyo?"

"Hakuna." Jibu lilitoka haraka mno, na macho yake yakahamia ukutani.

Mutalemwa alifunga daftari lake, akatoka.

Nyumba ya Tumwine ilikuwa ya mwisho kambini, mbali kidogo na nyingine. Pulkeria, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka na rozari mkononi. Hapakuwa na waombolezaji. Vikombe vilivyopangwa kwa ajili ya wageni vilikuwa vikavu.

"Pole sana, mama," alisema Mutalemwa, akikaa kwenye kigoda alichoonyeshwa.

"Asante. Hawaji, usiwashangae. Mume wangu aliwakamata wote, mmoja mmoja. Wanakuja kuchungulia mlangoni, wanarudi."

"Wewe ulimwosha. Samahani kukuuliza, lakini lazima. Jeraha lilikuwaje?"

Pulkeria alipeleka mkono nyuma ya sikio lake la kulia. "Hapa. Mfupa umebonyea, kama chungu kilichogongwa. Duara, kiasi cha ngumi ya mtu."

"Ngozi ilikatwa? Kama kwa panga?"

"Ilipasuka. Haikukatwa. Mimi nimechinja kuku maisha yangu yote, nayajua makali. Nilimwambia mkungu hivyohivyo. Akaniambia kilio kimenichanganya macho."

Mutalemwa aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Kisha akaomba nguo za marehemu. Koti lilikuwa limekunjwa ndani ya kapu, halijafuliwa, kola yote nyeusi kwa damu. Alipekua mfuko wa kushoto: hamna kitu. Mfuko wa kulia ulikuwa na konzi ya buni, zilizochumwa zikiwa nyekundu na sasa zimeanza kuwa nyeusi na kunata.

"Alizipata wapi?"

"Sijui. Hajawahi kuleta kitu cha watu nyumbani. Hata ndizi moja. Nilikuwa namgombeza kwa hilo." Alipitisha punje mbili za rozari. "Jumapili, tukitoka kusali, aliniambia: nikimtaja mtu huyu kazi sina. Nikasema basi usimtaje. Akasema, mbona maskini nawataja?"

"Hakumtaja kwako?"

"Hakumtaja."

Bondeni walishuka watu wanne: Mutalemwa, askari wake wawili, na Byarugaba aliyesisitiza kuwaonyesha njia. Walipita kwenye ubao wa onyo, kisha kwenye magofu ya nyumba zilizochomwa, majani yamewafika kifuani. Mbung'o mmoja alimng'ata Mutalemwa kwenye ukosi, kupitia shati.

Byarugaba alisimama kwenye migomba iliyoachwa. "Hapa. Maiti ililala hapa, kichwa huku. Panga hapa."

Kisiki cha mgomba uliokatwa kilikuwapo, na ndizi zilizofungwa nusu kwa kamba, zimeanza kuiva. Hapo Kakuru hakuwa amesema uongo. Mutalemwa alichuchumaa, akapekua majani makavu kwa ncha ya kijiti, hatua kwa hatua. Hapakuwa na damu. Kichwa kilichobonyea, kola iliyolowa vile, na ardhi safi kabisa.

"Mibuni iko wapi?"

"Mibuni?"

"Bonde hili lilikuwa na mibuni. Iko wapi?"

Byarugaba alinyoosha mkono bila hamu. Ilikuwa hatua mia mbili upande wa mto. Mutalemwa alitangulia. Majani ya kifuani yakafika magotini, kisha yakaisha kabisa. Mbele yake ilisimama mibuni safu kwa safu, chini yake pamelimwa, magugu yamelundikwa pembeni. Matawi ya chini yalikuwa yamechumwa yote. Ya juu bado yalikuwa na matunda mekundu.

"Nani anapalilia hapa?"

"Nani tena? Kakuru. Ndiyo maana nakuambia mtu huyu ni mwizi sugu."

Mutalemwa aliokota gugu moja kutoka kwenye lundo. Lilikuwa limekauka mpaka shina. "Palizi hii imefika wiki tatu. Wiki tatu zilizopita Kakuru alikuwa gereza la Bukoba, anavunja mawe. Na buni hizi angeziuza wapi? Mnunuzi hapokei gunia bila cheti chako kinachosema muuzaji ana mibuni. Waliohamishwa hawana vyeti."

"Basi ni ndugu zake. Mimi nitajuaje, Bwana Sajini? Mimi huku siji. Pamefungwa."

"Lakini njia umeijua."

Byarugaba alicheka kidogo, akafuta jasho. Mutalemwa hakucheka. Ushahidi aliokuwa nao ulimtoa Kakuru kwenye kitanzi nusu tu. Haukumtia mtu mwingine.

Wakati wa kurudi alipita upande wa pili wa migomba, na ndipo alipoliona kaburi. Lilikuwa dogo, hatua moja na nusu kwa urefu, limezungushiwa mawe. Kila kitu kandokando kilikuwa pori. Kaburi lilikuwa limefagiliwa, na alama za ufagio zilionekana bado mchangani.

"Kaburi la nani hili?"

"La mtoto mmoja."

"Wa nani?"

"Sikumbuki."

Mkungu aliyekuwa ameandika kwa mkono wake majina ya kaya zote za bonde zilipohamishwa, na hakuwa amesahau kuku wala mbuzi, sasa alisema hakumbuki. Mutalemwa aliwaamuru askari wake wabaki na Byarugaba ofisini, kwa heshima zote, mpaka atakaporudi. Kisha akaenda kumwuliza Pulkeria kibanja kilichopakana na cha Kakuru kilikuwa cha nani.

"Cha Kobugabe," alisema mjane. "Mumewe alikufa kwa malale. Na mtoto wake wa kiume pia."

Kobugabe alikuwa akipepeta maharage mbele ya kibanda chake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, uso mkavu usioonyesha kitu. Binti yake wa miaka sita, Anatolia, alikuwa ndani amelala na homa ndogo. Mutalemwa alimsalimu kwa Kihaya, naye akajibu kwa Kinyambo. Hakuna aliyehitaji kurudia.

"Unafagia vizuri kaburi la mwanao," alisema Mutalemwa.

Ungo ulisimama. "Nani kasema nimekwenda?"

"Mawe yamesema. Ulikwenda Jumatatu?"

Kobugabe aliweka ungo chini. "Waitu, bwana. Sheria ya kule naijua. Mwanamke wa Ihembe alifungwa miezi miwili kwa kuokota kuni tu."

"Kakuru atanyongwa."

"Najua."

"Ameniambia bondeni hapakuwa na mtu mwingine. Amekulinda."

Hapo uso wake ulibadilika, si sana. Alitazama mikono yake.

"Mwanangu alipokufa watu waliogopa kusogea. Ndugu zangu pia. Walidhani malale inaruka kama kikohozi. Kakuru peke yake alikuja na jembe. Alichimba, akamlaza, akafukia. Mimi nilishika mawe tu." Aliinua macho. "Nikisema nilichoona, wewe utaandika kwamba nilikuwa kule?"

Mutalemwa angeweza kudanganya. Aliwahi kufanya hivyo kwa mashahidi wengine, na kesi zikaenda vizuri.

"Nitaandika. Bila hilo maneno yako hayana maana mahakamani. Mtu hawezi kuona kutoka kambini. Nitamwomba Bwana Shauri wa wilaya asikushtaki. Siwezi kukuahidi kwamba atanisikia."

"Basi unaniambia nijifunge mwenyewe."

"Ndiyo."

Ndani, mtoto alikohoa mara moja. Kobugabe alianza kuzungumza bila kuulizwa tena, kwa sauti ya mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni.

Alikuwa amemaliza kufagia aliposikia watu wakigombana kwenye mibuni. Alisogea, akajificha nyuma ya gofu la jiko la Kakuru, lililopakana na mibuni. Alimwona Tumwine na Byarugaba. Chini kulikuwa na jamvi limejaa buni. Tumwine alichota konzi, akaitia mfukoni, akasema hizi nampelekea Bwana Shauri. Byarugaba alimwita mjinga, akamwambia watagawana. Tumwine aligeuka, akapuliza filimbi kuwaita walinzi wenzake wa ng'ambo. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu ilipoanza, Byarugaba alimpiga kwa rungu kutoka nyuma.

"Mara moja?"

"Mara moja. Ilitosha. Kisha mkungu alikaa chini kama mtu aliyechoka. Baadaye alizunguka huku na huku, akaona panga kwenye migomba. Alimburuta Tumwine hadi pale. Rungu na filimbi alivitupa kwenye shimo letu la kuvundikia ndizi za pombe, nyuma ya nyumba iliyokuwa yangu. Akakunja jamvi lake na buni zake, akaondoka."

Mutalemwa aliandika yote, akamsomea, akachukua alama ya dole gumba lake kwa wino wa zambarau chini ya karatasi.

Shimo lilikuwa palepale aliposema Kobugabe. Askari mmoja, aliyeitwa kutoka ofisini, alitoa majani yaliyooza kwa jembe, na kwenye kina cha mkono mmoja akatoa filimbi ya shaba yenye kamba iliyokatika, kisha rungu la mti mgumu, kichwa chake kiasi cha ngumi ya mtu. Nywele zilikuwa zimegandia juu yake.

Mutalemwa aliviweka vitu hivyo mezani mbele ya Byarugaba. Mkungu aliitazama filimbi kwa muda, akafungua vifungo vya koti lake la kaki kimoja kimoja, kana kwamba chumba kimekuwa na joto.

"Buni zingeozea mitini," alisema hatimaye. "Mibuni mia tatu. Serikali imewafukuza watu, haikufukuza mibuni. Nilimdhulumu nani?"

"Tumwine."

"Tumwine angenyamaza mimi nisingemgusa."

"Simama. Leta mikono."

Bwana Shauri, afisa wa serikali wa wilaya, alifika siku ya nne, kijana wa Kizungu aliyechomwa na jua, na akafungua mahakama yake chini ya turubai mbele ya ofisi. Shauri la mauaji halikuwa la kiwango chake. Alisikiliza ushahidi wa awali, akaandika, akaamuru Byarugaba apelekwe Bukoba kungoja Mahakama Kuu. Kakuru alifutiwa shtaka la kuua. Watu waliokaa kwenye majani walinong'ona kwa nafuu.

"Yamebaki makosa ya Amri ya Malale," Bwana Shauri alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Kakuru, mara ya tatu. Kobugabe, mara ya kwanza."

Mutalemwa aliinuka. "Bwana, bila mwanamke huyu tungemnyonga mtu asiye na hatia. Naomba asishtakiwe."

"Nimesoma ombi lako, Sajini. Unajua tumezika watu wangapi wa malale wilaya hii? Nikimsamehe mmoja kwa sababu nzuri, kesho watakuja mia, kila mmoja na sababu yake, na mbung'o hawaulizi sababu." Hakusema kwa ukali. Alionekana kuamini kila neno. "Ushahidi wa kwamba aliingia uko wapi?"

"Ni maelezo yake mwenyewe."

"Yaliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Hili ni dole gumba lake?"

Mutalemwa aliitazama alama ya zambarau. Kobugabe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, kitambaa cheusi kichwani, anamtazama si kwa chuki wala kwa kusihi.

"Ndiyo, bwana. Ni lake."

Kakuru alipata viboko kumi na viwili na mwaka mmoja. Kobugabe, miezi miwili. Yote yalikwisha kabla jua halijafika utosini, na viboko vikapigwa papo hapo nyuma ya ofisi. Watu wa kambi walihesabu kwa midomo bila sauti.

Anatolia hakulia mpaka alipoona mama yake akiwekwa kwenye mstari wa wafungwa. Kobugabe aliangaza huku na huku akitafuta jamaa. Ndugu zake walitazama chini. Aliyesogea alikuwa Pulkeria, bado na nguo ya msiba, rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alimpangusa mtoto pua kwa ncha ya kanga, akamshika mkono.

"Atakula ninachokula," alimwambia Kobugabe. "Homa yake nitaiangalia. Nenda."

Kobugabe aliinamisha kichwa tu.

Lori la serikali lilikuwa limeshawashwa. Kakuru alipandishwa nyuma kwa kubebwa, akalazwa kifudifudi kwenye mbao. Byarugaba alikuwa tayari ameketi mbele, karibu na dereva, pingu zimefunikwa na koti lake. Dereva alikuwa amemzoea miaka yote kama mkungu, na hakuna aliyefikiri kumpeleka kwingine.

Mutalemwa alifungua mlango.

"Shuka," alisema.

"Bwana Sajini, mimi mgongo wangu..."

"Shuka. Panda nyuma."

Byarugaba alishuka mbele ya kijiji kizima, akahangaika kupanda kwa mikono iliyofungwa, na hakuna aliyemsukuma. Mutalemwa akamgeukia Kobugabe, akamwonyesha kiti. Mwanamke alipanda, akaketi wima, mikono mapajani. Hakumshukuru. Macho yake yalikuwa kwa Pulkeria na mtoto, waliokuwa wakitembea taratibu kuelekea nyumba ya mwisho ya kambi, na lori lilipoondoka aligeuza shingo kuwafuata mpaka kona ilipowaficha.

Mutalemwa alipanda nyuma, akakaa kwenye mbao kati ya wafungwa wawili. Njia ya Bukoba ilikuwa ndefu na yenye mashimo mengi. Kila mara lori liliporuka, alimshika Kakuru bega ili asibiringike, mgongo wake usiguse kitu.